Hendrick Aupaumut: Kapteni wa Wamohican aliyeitumikia nchi iliyochukua ardhi yao

Mwaka 1826 mwandishi James Fenimore Cooper alichapisha riwaya yake mashuhuri kuhusu Mmohican wa mwisho, na wasomaji wengi wa Marekani na Ulaya wakaamini kwamba kabila hilo limekwisha kutoweka. Mwaka huohuo kiongozi wa Wamohican, Hendrick Aupaumut, alikuwa bado hai. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70, aliyepigana katika vita vya uhuru wa Marekani na kutumwa na serikali yake kwenda kutafuta amani, na watu wake walikuwa wakijiandaa kuhama kwa mara nyingine.

Maisha ya Aupaumut yanaeleza swali lililowakabili wenyeji wengi wa asili wa Amerika: je, utiifu kwa dola jipya ungeweza kuwahakikishia ardhi yao?

Kutoka bonde la Hudson hadi Stockbridge

Asili ya Wamohican ni bonde la mto Hudson, katika jimbo la sasa la New York. Jina lao lina maana ya watu wa maji yasiyotulia, kwa kuwa maji ya bahari hupwa na kujaa hadi ndani sana ya mto huo. Maradhi, vita na walowezi kutoka Ulaya viliwapunguza, na katika miaka ya 1730 sehemu yao ilikusanyika Stockbridge, Massachusetts, katika mji ulioanzishwa na wamisionari. Huko ndiko Aupaumut alikozaliwa mwaka 1757, na huko alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza.

Makoloni yalipoasi dhidi ya Uingereza mwaka 1775, Wamohican wa Stockbridge walikuwa miongoni mwa wenyeji wa kwanza kujitolea upande wa waasi. Aupaumut, kijana wa miaka 18, alijiunga nao.

Gharama ilikuwa kubwa. Tarehe 31 Agosti 1778, kikosi cha Stockbridge kilishambuliwa kwa kuviziwa na wanajeshi wa Uingereza huko Kingsbridge, eneo ambalo leo limo ndani ya jiji la New York. Wengi waliuawa, akiwemo kamanda wao Daniel Nimham na mwanawe Abraham. Ni baada ya pigo hilo ndipo Aupaumut alipopewa cheo cha kapteni.

Wanajeshi waliporejea nyumbani walikuta sehemu kubwa ya ardhi ya Stockbridge imekwisha kuingia mikononi mwa wazungu, nyingi ikiuzwa ili kulipa madeni. Katika miaka ya 1780 jamii hiyo ilihamia New York, kwenye ardhi iliyotolewa na kabila la Waoneida, na kuuita makazi yao New Stockbridge.

Mjumbe wa amani

Novemba 1791, muungano wa makabila ya magharibi ulilishinda vibaya jeshi la Marekani katika eneo la Ohio na kuua zaidi ya wanajeshi 600. Serikali ya Rais George Washington ilihitaji mtu ambaye makabila hayo yangemsikiliza, na ikamtuma Aupaumut.

Nguvu yake ilikuwa udugu wa jadi. Kwa desturi, Wamohican waliwaita Wadelaware babu zao, Washawnee wadogo zao na Wamiami wajukuu zao. Mwaka 1792 alisafiri hadi makao ya muungano huo kwenye mto Maumee akiwasihi ndugu hao wakubali mazungumzo. Alidai kwamba Wamarekani, wakiwa sasa wamejitawala, wangekuwa waadilifu kuliko Waingereza.

Hata hivyo, katika taarifa yake ya safari, iliyochapishwa mwaka 1827, Aupaumut alikiri jambo zito. Alieleza kwamba katika hoja zake zote alilazimika kunyamaza kuhusu namna watu wa New York walivyowadanganya wazee wake na kuchukua ardhi yao bila haki. Alijua kuwa angeyasema hayo, ujumbe wake ungevunjika.

Ujumbe huo haukuleta amani. Agosti 1794 jeshi la Marekani liliushinda muungano katika mapigano ya Fallen Timbers, na mwaka uliofuata mkataba wa Greenville ukaipa Marekani sehemu kubwa ya Ohio.

Ahadi ya White River

Aupaumut hakubadili msimamo. Aliishi miaka kadhaa kwenye mto White River, Indiana, karibu na Wadelaware, akitumaini kwamba watu wake wangepata makao ya kudumu huko. Tecumseh wa Washawnee alipoyaita makabila yaungane dhidi ya walowezi, Aupaumut alimpinga, na katika vita vilivyoanza mwaka 1812 alisimama tena na Marekani.

Lakini mwaka 1818, wakati kundi la Wamohican likiwa safarini kwenda Indiana, Wadelaware walitia saini mkataba wa kuikabidhi Marekani ardhi hiyo. Wasafiri walifika na kukuta makao waliyoyatarajia si yao tena.

Viongozi wa Stockbridge waligeukia Wisconsin, ambako miaka ya 1821 na 1822 yalifikiwa makubaliano ya ardhi na Wamenominee pamoja na Waho-Chunk. Aupaumut aliwafuata watu wake huko katika uzee wake, na akafariki dunia Kaukauna mwaka 1830.

Urithi wake

Kuna wanaomwona kama mtu aliyetumiwa na dola lililokuwa likiwameza ndugu zake. Wengine humwona kiongozi wa jamii ndogo, isiyo na nguvu ya kupigana peke yake, aliyechagua njia aliyodhani ingewaacha watu wake hai.

Utumishi wake haukuilinda ardhi, si Massachusetts, si New York wala Indiana. Lakini watu wake hawakutoweka. Wazao wao, pamoja na Wamunsee waliojiunga nao, leo ni taifa linalotambuliwa na serikali ya Marekani, lenye eneo lake katika wilaya ya Shawano, Wisconsin, karibu karne mbili baada ya riwaya iliyowatangaza kuwa wamefika mwisho.