Sera ya Dodoma, bei ya Mwera

Saruji inazalishwa Pongwe, pembezoni mwa jiji la Tanga. Hadi mfuko ufike Mwera, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, umekwisha kupakiwa kwenye lori, umesubiri kivuko cha TEMESA na kuvushwa hadi Bweni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaingiza nauli zote hizo katika bei, na shule inayojenga darasa kwa fedha za serikali hailipi pungufu. Bei hiyo ikionekana kwenye taarifa huko Dodoma, ikiwa juu ya bei ya Tanga mjini, lazima apatikane mtu wa kuamua: huu ni ulaji, au ni kivuko?

Mtu huyo ni mchambuzi wa sera ya ununuzi wa umma. Afisa ugavi wa halmashauri watu wanamfahamu, tena wengine wanamfahamu zaidi ya inavyostahili. Wakaguzi nao husikika kila Aprili, ripoti ya CAG inapofika bungeni. Mchambuzi hana jina mtaani. Yuko katika idara ya sera ya ununuzi ya Wizara ya Fedha, au PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi huo. Hafungui zabuni wala hasaini LPO. Anasoma hoja za ukaguzi zinazojirudia mwaka hadi mwaka, anauliza kama kosa ni la mtu au la kanuni, kisha anaandika mapendekezo ambayo huenda yakawa sheria.

Kazi haijawahi kumpungukia. Baada ya miaka mingi ya Bodi Kuu ya Zabuni, Tanzania imetunga Sheria za Ununuzi wa Umma mwaka 2001, 2004, 2011 na 2023. Ile ya 2004 ndiyo iliyozipa taasisi mamlaka ya kununua zenyewe. Leo halmashauri kama Pangani ina bodi yake ya zabuni. Hii ya sasa, Na. 10 ya 2023, ilianza kutumika Juni 2024, na kanuni zake zikafuata Julai. Kabla yake ulikuwa umekuja mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani na kuanza kazi Julai 2023 badala ya mfumo wa awali, TANePS. Zamani mchambuzi alisubiri majalada. Leo anaweza kuangalia nani kaomba, nani kapata, kwa bei gani.

Lakini si kila ununuzi una zabuni ya kutazamwa. Madarasa na zahanati nyingi vijijini hujengwa kwa force akaunti: halmashauri au shule inaweka mafundi wa karibu, kamati za wananchi zinanunua na kupokea vifaa. Madarasa 15,000 yaliyotokana na mkopo wa IMF wa wakati wa Uviko, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa 2021, yalitegemea sana utaratibu huo. Gharama inapungua kwa sababu faida ya mkandarasi haimo. Ila mjumbe wa kamati ni mkulima au mwalimu, na mara nyingi duka lenye stoo ya kutosha na risiti ya EFD ni moja tu. Kumtaka alete nukuu tatu za bei ni kumfundisha kutafuta karatasi mbili za kusindikiza ile ya kweli.

Sera iliyo karibu zaidi na mfuko wa mwananchi ni ile ya asilimia 30 ya ununuzi kutengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ilipata nguvu kwa marekebisho ya 2016. Kenya ilitangulia kwa mpango wa AGPO mwaka 2013, kwa asilimia hiyo hiyo, ingawa wazee hawamo. Chukua kikundi cha akina mama wa Mwera kinachotaka kulisha washiriki wa semina ya halmashauri. Sheria imekifungulia mlango. Mchele, kuku na mkaa kitanunua kwa fedha yake, kisha kisubiri kulipwa. Mtaji wa kusubiria ulitarajiwa kutoka kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25. Kwa zaidi ya mwaka sera moja iliwaita wazabuni wadogo huku nyingine ikiwa imefunga sanduku. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uchambuzi ulipohitajika kuliko kwenye mjadala wowote wa viwango.

Kwa wakubwa, kanuni za 2024 zimetenga kwa kampuni za Kitanzania kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50. Daraja la mita 525 la Pangani, litakalokiondolea kivuko mzigo huo wote, halimo katika fungu hilo: linagharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na masharti ya mkopeshaji hutangulia. Mkandarasi wa Tanga anaweza kuambulia kokoto na usafirishaji.

Siku kivuko kitakapokoma, bei ya saruji ya Mwera itapaswa kushuka, na mchambuzi atakuwa na kipimo safi cha kujua ni kiasi gani kilikuwa nauli. Kabla ya hapo, takwimu ambayo ningependa aitangaze kwa kila taasisi ni moja: siku zinazopita kati ya mali kupokelewa na mzabuni kulipwa.