Pombe ya Ndizi Usiku: Usahili wa Sam Ntiro

Katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mna picha ndogo ya rangi ya mafuta juu ya turubai, takriban sentimita 41 kwa 51, ambayo mzee wa Kigiriama wa pwani ya Kilifi angeielewa upesi kuliko wengi wanaopita mbele yake. Ilichorwa mwaka 1956, na jina lake lasema wazi kinachotendeka ndani: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mchoraji ni Sam Joseph Ntiro, Mchaga aliyezaliwa 1923 katika nchi ya Kilimanjaro. Jumba hilo liliichukua picha yake 1960, ikawa miongoni mwa kazi za mwanzo za msanii wa Afrika kuingia humo. Sifa hiyo imemletea Ntiro wapenzi wengi, ila baadhi yao wanampenda kwa jambo ambalo si lake. Wanasema anachora kama mtoto, kwamba mkono wake haukuguswa na shule, na kwamba uzuri wa kazi yake umo katika kutojua. Mimi nashikilia kinyume chake. Usahili wa picha hii ni uamuzi wa mtu aliyesoma sana, na uamuzi huo ulikomaa ugenini.

Ushahidi wa kwanza ni tarehe. Katika miaka ya 1940 Ntiro aliondoka kwao Tanganyika akaenda Makerere, Kampala, akasoma chini ya Margaret Trowell, kisha akabaki hapo kufundisha. Kati ya 1952 na 1955 alikuwa London, katika shule ya sanaa ya Slade. Ni muhimu kujua Slade ya miaka ile ilikuwa shule ya namna gani. Mkuu wake, William Coldstream, aliyeshika kazi hiyo 1949, alikuwa mtu wa vipimo. Alisimama mbele ya mtu anayemchora, akanyoosha mkono ulioshika brashi, akafumba jicho moja, akapima umbali wa bega na kidevu, akatia alama kwenye turubai, kisha akapima tena. Mwanafunzi aliyekaa miaka mitatu mahali kama hapo hawezi kusemwa kwamba hakujua mwili wa binadamu unavyochorwa, wala mwanga unavyoangukia shavu. Ntiro alijua. Akarudi Kampala, na mwaka uliofuata akaitoa picha hii bila mtu wa kumtazama mbele yake na bila kupima chochote. Kama ilivyo desturi yake, watu ni wadogo, maumbo ni bapa, na mandhari inapanda juu ya turubai badala ya kurudi nyuma kwa kina. Aliyeyafanya hayo alikuwa ameiona njia nyingine mpaka mwisho wake, akaiacha.

Kwa nini aiache? Hapa ndipo ugeni unapoingia. Kilimanjaro haionekani kutoka Kampala. Kijiji, mgomba, njia ya usiku na mitungi ya pombe vyote vilikuwa mbali naye, na mtu aliye mbali huchora kwa kumbukumbu. Kumbukumbu haihifadhi kila kitu. Mikunjo ya nguo na sura ya huyu na yule hupotea, lakini mpangilio wa watu hubaki: nani anatangulia, nani anafuata, mzigo unabebwaje. Tazama pia saa aliyoichagua. Shughuli nyingi za ndoa angeweza kuzichora mchana, naye akachukua usiku. Usiku humwondolea mchoraji kazi ya vivuli na mwanga wa jua, ile hasa aliyofunzwa London, na kumwachia maumbo na rangi. Gizani hatumtambui mtu kwa macho na pua. Tunamtambua kwa mwendo na kwa alichobeba. Kwa hiyo anapowachora wanaume hawa bila kuwapa sura za kupambanua mmoja na mwingine, anasema kweli juu ya usiku, na papo hapo anaifanya picha kuwa ya sasa kabisa, kwa maana ile ile ambayo Matisse alikuwa wa sasa Ufaransa: rangi na umbo vinatangulia, ufanano unafuata. Naiona hiyo kuwa akili ya hali ya juu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linamhusu Trowell. Huyu mama, ambaye naye alikuwa amesoma Slade, alifundisha Makerere kwa kuwasimulia wanafunzi hadithi au tukio, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini. Hakutaka Waafrika wageuke kuwa nakala za Wazungu. Basi mtu anaweza kuuliza: je, huo usahili si matakwa ya mwalimu, wazo la Mwingereza kuhusu Mwafrika anavyopaswa kuchora? Swali ni la haki, na sehemu yake ni kweli, kwani tabia ya kuchora kwa kumbukumbu Ntiro aliipata kwake. Lakini 1956 hakuwa tena mwanafunzi wa Trowell. Alikuwa mtu mzima wa miaka 33, mwalimu mwenyewe, aliyekuwa na nafasi ya kumwacha Trowell na kuifuata njia ya London kama angetaka. Isitoshe, Elimo Njau, Mchaga mwingine aliyepitia shule hiyo hiyo ya Makerere, alitoka na kazi tofauti kabisa: michoro mikubwa ya ukutani juu ya maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, iliyokamilika 1959, nayo pia kazi ya mtu aliyevuka mpaka kwenda kuchora katika nchi isiyo yake. Mwalimu mmoja aliwapa mlango mmoja, na kila mmoja akaenda alikotaka. Ama kuhusu ugeni wenyewe, wanaosema kwamba kutoka Moshi kwenda Kampala si uhamiaji kwa kuwa Mwingereza alitawala kote kuwili, nadhani wanaangalia bendera na kusahau watu. Mchaga katika Buganda alikuwa mgeni wa lugha, wa chakula na wa desturi.

Lawama nyingine ni kwamba Ntiro anapamba. Kilimanjaro ya 1956 ilikuwa nchi ya kahawa, ya chama cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa 1933, ya ugomvi wa ardhi na siasa za kudai uhuru, naye anatuletea harusi. Mtu wa pwani ya Kilifi ndiye anayeweza kulijibu hili vizuri, kwa sababu anajua kinywaji cha ndoa si starehe tu. Kwa Wagiriama, mnazi unaopelekwa kwa wazazi wa msichana, kadzama, unafungua mazungumzo ambayo bila huo hayafunguki. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti Kaloleni katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake 1972, alionyesha jinsi mnazi ulivyofungamana na ushahidi: wazee waliokunywa mnazi wa mapatano ndio wanaoitwa baadaye kuthibitisha nani alitoa mahari, nani aliuza minazi au shamba. Sheria ilikuwa imeandikwa katika vichwa vya walioshiriki kibuyu. Uchagani, mbege inayotengenezwa kwa ndizi na ulezi ina kazi ya jinsi hiyo. Ukiitazama picha kwa jicho hilo, mambo hubadilika. Wale wanaume ni hati inayotembea. Idadi yao ina maana, kufuatana kwao kuna maana, na mitungi yao ni dhamana. Katika mwaka ambapo mahakama, stakabadhi na mihuri ya serikali ya kikoloni vilikuwa vikidai kuwa ndivyo sheria peke yake, mchoraji aliyekaa mbali na kwao alichora sheria nyingine ikiwa kazini. Siuoni urembo mtupu hapo. Nakubali hata hivyo kwamba bibi harusi, anayetajwa katika jina, ndiye tunayefahamishwa kidogo zaidi juu yake. Ntiro alichora mapatano kwa upande wa wanaume wanaoyabeba, na huo ni mpaka wa kazi yake.

Ntiro aliendelea na safari. Kuanzia 1961 hadi 1964 alikuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, kisha akarudi kusimamia utamaduni na kufundisha Tanzania, mpaka alipofariki 1993. Jina lake linajulikana kwa wanahistoria wa sanaa, lakini katika shule zetu za Kilifi na Malindi mwanafunzi humaliza masomo akimjua Picasso asimjue yeye. Walimu wa sanaa wanaweza kulirekebisha hilo bila kungoja bajeti: wawaonyeshe watoto picha hii, wawaeleze mbege na mnazi, kisha wawape karatasi wachore kadzama ikipelekwa, kwa kumbukumbu, bila kunakili picha ya mtu. Wazazi wenye kujua desturi waalikwe darasani siku hiyo, maana wao ndio watakaojua kama mpangilio wa watu umekosewa.