Sauti za Wazee Wetu Zisinyamaze

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, tangu Kamalondo mpaka Katuba na Kenya, kuna kisanduku kilichosukumwa pembeni, na juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Funua kitambaa hicho: utakuta gramafoni ya babu, au redio ya mbao aliyoinunua kwa jasho lake siku zile za Union Minière. Watoto husema, "Mzigo huu wa nini? Tuwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu." Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Vyombo hivi vimebeba sauti za watu wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Huko alimkuta kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco wa ukoo wa Bayeke, akazitia nyimbo zake katika santuri. Santuri hizo zilienea mbali, na mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa lake huko Newport, Marekani, mbele ya umati wa wageni. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari, lakini santuri bado zinaimba. Nyimbo alizokusanya Tracey zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Je, zile zilizomo chini ya kitanda chako, nani anazitunza?

Tuchukue mfano wa mama mmoja mjane mwenye wana wawili. Mumewe alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri kumi na moja. Siku moja mwana wa kwanza, akitaka kumfurahisha mamaye, alizitoa zile santuri, akamwagia moja spiriti ili ing'ae. Kumbe aliiua! Uso wake ulififia, na sindano ilipopita ukasikika mkwaruzo tu. Ndiyo iliyochezwa siku ya arusi ya wazazi wake. Mama hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniuliza."

Kosa lake ni lipi? Santuri nzito za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Utomvu huo huyeyuka katika spiriti. Basi, ziosheni kwa maji safi yenye tone moja la sabuni laini, kwa kitambaa laini, mkifuata mzunguko wa mitaro na kuepuka kulowesha karatasi ya katikati. Zisuuzeni, zikausheni kivulini, kisha zisimamisheni wima kama vitabu. Zikilazwa moja juu ya moja huvunjika, na karibu na jua hupinda.

Sindano nayo ina sheria yake. Sindano ya chuma ya gramafoni ni ya upande mmoja wa santuri tu, kisha itupwe. Ikichakaa hulima mitaro kama jembe. Nanyi mnaotumia mashine ya umeme, jueni kwamba mtaro wa santuri ya 78 ni mpana karibu mara tatu kuliko wa santuri ndefu za plastiki, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948. Kila aina na sindano yake.

Mwana wa pili wa mama yule alikuwa mvumilivu. Alipangusa vumbi la kiangazi kwa brashi laini, akatia tone la mafuta mepesi penye magurudumu. Lakini kasha la springi hakulifungua, akampelekea fundi. Na alifanya vema, maana springi ikifyatuka hukata vidole. Ukimaliza kusikiliza, iache springi ilegee, isibaki imekazwa usiku kucha.

Sasa twende kwenye redio, na hapa tunaomba sikio lenu lote, kwa kuwa jambo hili lahusu uhai. Redio za zamani zenye taa za kioo ndani hufanya kazi kwa umeme mkali sana. Vipo ndani yake vyombo viitwavyo kapasita, vinavyohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Tena ziko redio ambazo bati lake la ndani lenyewe lina umeme. Kwa hiyo asiyejifunza kazi hii asiingize mkono.

Wala msichomeke ghafula redio iliyolala miaka ishirini. Kapasita zake zimekauka, nazo zaweza kupasuka na kuunguza transfoma. Fundi mwenye busara hutazama kwanza nyuma kama swichi imewekwa kwenye volti 220. Kisha hubadilisha kapasita zilizochakaa, na hupitisha umeme katika balbu ya uzi kabla haujafika redioni. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, umeme unapita pasipo pake, naye huzima mara moja.

Sisi wa nchi ya shaba twaijua kutu ya kijani. Ndiyo hiyo inayoota katika viungo vya waya wakati wa masika, na kuifanya redio ikoroge sauti. Wekeni chombo mahali pakavu. Umeme ukikatika, chomoeni waya. Usingoje urudi kwa kishindo. Radi ikinguruma, vilevile.

Mwishowe sauti ikipatikana, inakilini katika simu au kompyuta, mkaandike jina la mwimbaji, la mwenye santuri, na mambo ambayo wazee wanakumbuka. Yule mwana wa pili alifanya hivyo. Jioni moja aliketi karibu na mamaye, akaweka mojawapo ya santuri kumi zilizobaki. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuwataja waliocheza siku ile, mmoja mmoja kwa jina. Kaka mkubwa ndiye aliyeshika kalamu.