Cartier: Mipaka Hufutwa, Wapiga Kura Hubaki

Tuna mazoea ya kulitazama eneo la uwakilishi bungeni kana kwamba ni mali ya mbunge. Tunapotaka kusimulia historia yake, huwataja waliolishika mmoja baada ya mwingine, kisha tukafunga daftari. Mwanafunzi naye hukariri majina na miaka, akapewa alama zake, mambo yakaishia hapo. Lakini wapiga kura walikuwa akina nani? Walijipatiaje riziki? Ni nini kilichowafanya wamchague huyu na kumwacha yule? Hayo ndiyo maswali yenye uzito, na ndiyo yanayosahaulika upesi.

Ili kulidhihirisha jambo hili, namwomba msomaji anifuate hadi mji wa Montreal, katika mkoa wa Quebec nchini Kanada. Kanada ni nchi ya shirikisho: kila mkoa una bunge lake, na juu ya mabunge hayo liko Bunge la taifa mjini Ottawa. Miongoni mwa maeneo yaliyopeleka wajumbe Ottawa palikuwa na moja lililoitwa Cartier, kwa jina la George-Étienne Cartier, mmoja wa waasisi wa shirikisho hilo la mwaka 1867. Eneo hilo lilishiriki uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza mwaka 1925, likirithi eneo jingine lililobeba jina lake zima tangu mwaka 1917. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 1968, lilikuwa limekwisha kufutwa. Hata hivyo, katika umri wake mfupi liliyaona mambo ambayo maeneo mengi hayajapata kuyaona.

Katikati ya eneo hilo ilipita barabara ya Saint-Laurent. Mashariki ya barabara hiyo waliishi zaidi watu wa lugha ya Kifaransa, na magharibi yake wale wa Kiingereza. Hapo katikati, kando kando ya barabara yenyewe, walikaa wahamiaji, na wengi wao walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi, Poland na Romania. Lugha yao ilikuwa Kiyidishi, yenye asili ya Kijerumani lakini huandikwa kwa herufi za Kiebrania, na tangu mwaka 1907 walikuwa na gazeti lao la lugha hiyo, Keneder Adler. Wengi walifanya kazi ya cherehani katika viwanda vya nguo, kwa saa nyingi na mshahara mdogo. Watoto wao waliosoma kwa bidii waligundua kwamba Chuo Kikuu cha McGill, kilichokuwa karibu kabisa na kwao, kiliwadai alama za juu zaidi kuliko wanafunzi wengine ndipo kiwape nafasi.

Watu hawa walitumaini kwamba kura ingewafungulia milango. Kwa muda wa robo karne walikipigia chama cha Liberal. Mwakilishi wao kuanzia mwaka 1917 alikuwa wakili Samuel Jacobs, aliyedumu bungeni hadi alipofariki mwaka 1938. Akafuatwa na Peter Bercovitch, naye wakili wa chama hicho hicho, hadi kifo chake mwaka 1942. Walikuwa watu wenye heshima na elimu. Lakini katika miaka ile ile ambapo Hitler aliwatesa Wayahudi wa Ulaya, serikali ya Liberal chini ya Waziri Mkuu Mackenzie King iliwafungia wakimbizi mlango. Mwaka 1939 meli iitwayo St. Louis, iliyobeba wakimbizi zaidi ya 900, ilikataliwa na Cuba, ikakataliwa na Marekani, na Kanada nayo ikakataa. Kati ya mwaka 1933 na 1945 Kanada yote iliwapokea wakimbizi wa Kiyahudi wapatao 5,000 tu. Wahenga husema subira huvuta heri. Watu wa Cartier walisubiri miaka 25 na heri hawakuiona.

Ni kwa mwanga huo inafaa tuutazame uchaguzi mdogo wa Agosti 1943, uliofanywa kujaza kiti cha Bercovitch. Wagombea wakuu walikuwa wanne. Chama cha Liberal kilimsimamisha Lazarus Phillips, wakili mashuhuri. Chama cha kijamaa cha CCF kilimleta David Lewis, kijana aliyekulia Montreal, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 1971, alikuja kuwa kiongozi wa taifa wa chama kilichokirithi CCF. Paul Massé aliwawakilisha Wafaransa wa Quebec waliopinga vijana wao kulazimishwa kwenda vitani. Wa nne alikuwa Fred Rose, fundi wa umeme mzaliwa wa Poland, mkomunisti asiyejificha. Kwa kuwa chama cha Kikomunisti kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1940, alisimama kwa jina la chama kipya cha Labour-Progressive.

Rose alishinda, akimpita Massé kwa kura zisizofika 200. Wengi wape, tunaambiwa. Lakini hapa wengi walikuwa nani? Mshindi hakupata hata theluthi moja ya kura zote. Waliobaki waligawanyika mafungu matatu, na sheria ikampa kiti aliyetangulia, hata kama ametangulia kwa unyoya. Hata hivyo si haki kusema kwamba ushindi huo ulikuwa wa bahati tu. Mwaka huo majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalikuwa yameyavunja majeshi ya Hitler kule Stalingrad, na kwa Myahudi mwenye jamaa zake Poland, habari hiyo ilikuwa na maana kuliko hotuba elfu. Isitoshe, wakomunisti walikuwa wameonekana kwenye migomo ya wafanyakazi wa nguo na katika kuipinga sheria ya Quebec ya mwaka 1937 iliyowaruhusu polisi kutia kufuli nyumba yoyote iliyodhaniwa kueneza ukomunisti. Uchaguzi mkuu ulipofanywa mwaka 1945, Cartier ilimrudisha Rose bungeni.

Kisha yakaja yasiyotarajiwa. Septemba 1945 Igor Gouzenko, karani wa maandishi ya siri katika ubalozi wa Kisovieti mjini Ottawa, alitoroka na hati zilizofichua mtandao wa upelelezi. Watu kadhaa walikamatwa na kuhojiwa kwa siri, bila ruhusa ya kuonana na mawakili, jambo ambalo wanasheria wengi wamelilaumu tangu wakati huo. Rose mwenyewe alikamatwa Machi 1946, akashtakiwa kwa kushiriki njama ya kuwapa Wasovieti siri za nchi, akapatikana na hatia na kufungwa miaka sita. Januari 1947 Bunge likakitangaza kiti chake kuwa wazi. Alipotoka gerezani alirejea Poland, akapokonywa uraia wa Kanada mwaka 1957, na kufariki Warsaw mwaka 1983 akisisitiza kwamba hakuwa na hatia.

Mengi yameandikwa juu ya Rose. Ni machache yaliyoandikwa juu ya mshona nguo aliyempigia kura. Huyo hakuuza siri yoyote. Alichotaka ni ujira wa haki na kuheshimiwa, lakini kwa mwaka mzima, tangu mbunge wake akamatwe hadi uchaguzi mdogo wa Machi 1947, hakuwa na wa kumsemea Ottawa. Nalo jina la mtaa wake likatiwa doa. Mkosaji alihukumiwa na mahakama. Wapiga kura walihukumiwa na uvumi.

Uchaguzi huo ulirudisha kiti kwa chama cha Liberal kupitia Maurice Hartt, aliyefuatwa na Leon Crestohl kuanzia mwaka 1950, kisha Milton Klein kuanzia mwaka 1963. Hata mshairi mashuhuri A. M. Klein, ambaye mwaka 1948 alitoa diwani iliyomletea tuzo kubwa ya fasihi ya Kanada, aliomba kura za Cartier mwaka 1949 kwa tikiti ya CCF, akashindwa. Wakati huo huo watu wenyewe walikuwa wakihama. Waliopata nafuu ya maisha walihamia vitongoji vya magharibi, na nyumba zao zikachukuliwa na Wagiriki na Wareno. Mwaka 1964 Kanada ilipitisha sheria ya kuwapokonya wanasiasa kazi ya kuchora mipaka na kuikabidhi kwa tume huru. Tume zilipozihesabu upya idadi za wakazi, Cartier ikafutwa na ardhi yake kugawiwa majirani.

Je, kufutwa huko kulikuwa dhuluma? La. Mipaka ya uwakilishi haina budi kuwafuata watu, kwani kura ya mahali palipohamwa ikiwa na uzito kuliko ya mahali palipojaa, usawa hauko tena. Dhuluma ni kuifuta kumbukumbu pamoja na mpaka. Ukilisoma eneo la Cartier kwa majina ya wabunge wake peke yake, utaona mawakili kadhaa na mpelelezi mmoja. Ukilisoma kwa wapiga kura wake, utaona watu walioomba mlango ufunguliwe kwa adabu mara nyingi, na walipopuuzwa wakaugonga kwa ngumi.

Basi mwalimu anayefundisha historia au uraia, awatume wanafunzi wake waulize juu ya eneo lolote lile, liwe hai au limekwisha futwa: nani walioishi hapa, waliahidiwa nini, na walitimiziwa nini? Majibu yake hayatapatikana katika orodha ya washindi. Yatapatikana kwa wazee waliopanga foleni kupiga kura, na wazee hao hawatatungoja milele.