Kigamboni: Ng'ambo Iliyokuwa Manispaa

Ukisimama Magogoni, Dar es Salaam, waiona Kigamboni ng'ambo ya maji, karibu sana. Hata hivyo maji hayo machache yaliitenga na mji kwa miaka mingi. Wenyeji walikuwa wavuvi na wakulima wa minazi, mikorosho na mihogo. Kwenda mjini kulikuwa kwa mashua, na baadaye kwa pantoni. Hata mgonjwa alingoja zamu.

Maendeleo yalifika kidogo kidogo. Mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kilianzishwa huko. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa, na mwaka 1968 likafuata bomba la mafuta liendalo mpaka Ndola, Zambia. Lakini vijiji vilibaki vijiji.

Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kujenga mji mpya wa kisasa, na wenyeji wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao wakingoja fidia. Miaka ikapita. Mapaa yalivuja, vijana wakaoa, wala hapakuwa na ruhusa ya kuongeza chumba. Mwishowe mpango ule haukutimia kama ulivyotangazwa.

Ndipo tarehe 19 Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680. Mwaka huo huo Manispaa ya Kigamboni, iliyotengwa na Temeke, ilianza kazi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 eneo hili lilikuwa na watu 162,932. Mwaka 2022 walikuwa 317,902. Karibu mara mbili kwa miaka kumi! Sisi makarani wa parokia twaliona jambo hilo katika barua za Wakristo wanaohamia.

Lakini tuulize: ni nani aliyefaidika? Mzee mmoja alifika ofisini kuchukua cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Alikuwa na shamba la mikorosho, akaliuza kabla ya daraja, bila kushauriana na mama watoto wala wanawe. Fedha zimekwisha. Leo mwanawe wa kwanza amepanga chumba kimoja juu ya ardhi ile ile ya babu yake. Mzee akaniambia, "Daraja limekuja, bwana karani, lakini limewakuta watu wengine."

Ndugu wasomaji, kuuza ardhi si dhambi. Lakini yatupasa kwanza kukaa pamoja, baba, mama na watoto, na kubakiza mahali pa kujenga. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Mapatano na yaandikwe, mbele ya mashahidi.

Huku Kigamboni pana mahali paitwapo Gezaulole, maana yake kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Ni jina zuri kwa mtu anayeanza shamba. Kwa urithi wa watoto, tusijaribu.