Kabla Gari la Wagonjwa Halijafika

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya jijini Arusha lilitumbukia korongoni wilayani Karatu. Watu 35 walifariki dunia, wengi wao wakiwa wanafunzi. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Miongoni mwa waliowasaidia walikuwamo wasafiri kutoka Marekani, wenye ujuzi wa tiba, waliokuwa wakipita njia hiyo. Februari 2024, ajali ya lori na magari mengine iliua watu 25 huko Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru.

Wanaofika kwanza penye ajali kwa kawaida si wauguzi, bali ni madereva wa bodaboda, wauza mboga na wapita njia. Jeraha linalovuja damu nyingi laweza kuua kwa dakika chache, wakati majeruhi angali mbali na Hospitali ya Mount Meru. Hivyo, ujuzi wa jirani ndio tiba ya kwanza.

Anza na usalama. Simamisha magari, zima injini za yaliyogongana, na uzuie watu wasisogelee mafuta yaliyomwagika. Mwaka 2019 mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta lilipolipuka. Mtu mmoja apige simu 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto na uokoaji, akitaja mahali na idadi ya majeruhi.

Pili, zuia damu. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi. Kunja khanga safi, iweke juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa viganja viwili. Usifunue kila mara kutazama, kwani damu iliyoanza kuganda itatoka tena. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, uendelee kukandamiza.

Tatu, linda njia ya hewa. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, ili matapishi au damu visimzibe koo. Ageuzwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Usimpe chakula wala kinywaji.

Nne, usimsogeze majeruhi kwa pupa. Kumvuta kwa mikono au kumkunja ndani ya bajaji kwaweza kudhuru uti wa mgongo. Asipokuwa hatarini, asubiri alipo. Ikilazimu, abebwe juu ya ubao mpana.

Stadi hizi hazijifunzwi kwa kusoma tu. Mikono haina budi kuzizoea. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Nawe mhudumu wa afya, chukua khanga mbili na ubao, nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na zahanati yako, ukawafundishe hatua hizi kwa vitendo. Huenda majeruhi utakayempokea kesho akafika hai kwa sababu yao.