Eksirei yafichua wadudu wapya bila kuwavunja hata mguu

WAFANYABIASHARA wanaovusha mahindi Kobero, Mugina na Gatumba wanamfahamu vizuri dumuzi, yule mdudu ambaye Watanzania walimpa jina la Scania, kama lile lori kubwa. Urefu wake ni milimita tatu au nne tu, lakini huweza kuligeuza gunia zima kuwa unga.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alibainika mkoani Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1984 alikuwa ameshaingia Burundi. Hakuonyesha kitambulisho mpakani, alisafiri ndani ya nafaka.

Kwa macho matupu, dumuzi huweza kuchanganywa na wadudu wengine wa ghalani. Wataalamu walipompata kwa jina lake halisi ndipo walipojua kwao ni wapi. Walikwenda huko huko Amerika kumtafuta adui yake wa asili, mdudu aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Jina lingekosewa, adui huyo angetafutwa mahali pasipo pake.

Je, jina la mdudu huthibitishwa wapi? Huthibitishwa katika majumba ya makumbusho. Kila aina ya mdudu inapopewa jina, mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo na kuhifadhiwa. Mtaalamu yeyote mwenye shaka baadaye hulinganisha mdudu wake na kielelezo hicho.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Ubelgiji ilitutawala tangu mwaka 1916 hadi uhuru wa Julai 1, 1962, na wadudu wengi waliokusanywa enzi hizo wako katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Jumba hilo lina wanyama wapatao milioni 10, na wengi wao ni wadudu. Hapa Bujumbura, Musée Vivant inajulikana zaidi kwa mamba na nyoka. Aliyerejea kutoka Mtabila au Nyarugusu akakuta mwingine analima shamba lake, ataelewa haraka maana ya ushahidi wako kuwekwa mbali nawe.

Zamani mtaalamu wa huku alikuwa na njia mbili tu: asafiri hadi Ulaya, au aombe mdudu atumwe kwa posta. Mdudu aliyekauka miaka 80 huvunjika kama jani kavu. Isitoshe, aina nyingi za wadudu hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vilivyo ndani ya tumbo. Kuviona ilibidi mdudu aloweshwe na kupasuliwa, na kama ni huyo mmoja tu duniani, kosa la mkono halina marekebisho.

Sasa kuna njia nyingine. Mtambo unaofanya kazi kama CT-Scan ya hospitalini, ila kwa vitu vidogo sana, humzungusha mdudu taratibu mbele ya mionzi ya eksirei na kupiga mamia ya picha. Kompyuta huziunganisha zikawa umbo moja linaloweza kugeuzwa pande zote. Mtaalamu hulipasua kwenye skrini, akaona misuli, taya na viungo vya ndani, na kesho yake akalipasua upya. Mdudu mwenyewe hurudi kwenye sanduku lake akiwa mzima.

Mfano uko jirani. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Francisco Hita Garcia, wa taasisi ya sayansi ya Okinawa nchini Japani, walitangaza aina tatu mpya za sisimizi wa Afrika, jamaa za siafu, baada ya kuwachunguza kwa mtambo huo. Mmoja, kutoka msitu wa Kakamega nchini Kenya, aliitwa Zasphinctus obamai kwa heshima ya Barack Obama. Wa Kameruni alipewa jina la mwandishi Ken Saro-Wiwa, na wa Msumbiji jina la mwanasayansi Edward Wilson. Maumbo yao yaliwekwa kwenye intaneti ili yeyote ayachunguze bila malipo.

Nilipowaeleza wauza maharage wa hapa kwetu Buyenzi habari hii, swali lao lilikuwa moja: sisi tunapata nini? Jibu langu ni kwamba picha ya kielelezo kilichoko Ulaya ikifunguliwa kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Burundi, mdudu wa gunia lao anaweza kulinganishwa hapa hapa, bila tiketi ya ndege.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Eksirei haionyeshi rangi, mtambo wake ni ghali, na picha zake ni nzito kwa intaneti dhaifu. Lakini mwaka 2014 wataalamu wa Brussels na Tervuren walionyesha kuwa kamera ya kawaida, ikipiga picha nyingi kwa kina tofauti kisha zikaunganishwa na kompyuta, inaweza kushindana na mitambo ya bei kubwa. Kifaa cha namna hiyo si ndoto kwa nchi yetu.

Kuna pia kazi isiyohitaji kamera. Mfanyabiashara akikuta mdudu asiyemjua katika mzigo, asimkanyage. Amtie kwenye chupa ndogo yenye spiriti, aandike tarehe na mahali mzigo ulikotoka, kisha ampelekee afisa kilimo au taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU. Mdudu asiye na tarehe wala mahali alikookotwa hamsaidii mtaalamu sana, hata akipigwa picha kwa mtambo bora kuliko yote duniani.